Sindano ya Kila Wiki Nne: Fahamu Dawa Inayodhibiti Homoni ya Ukuaji Iliyozidi Mwilini

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Msamvu, katika Manispaa ya Morogoro, ndipo barabara itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Dodoma na mwingine Iringa. Mgonjwa anayerejea kutoka kliniki ya Muhimbili kwenda Mgeta, Mlali au Mzumbe hulazimika kupita hapo. Ikiwa mkononi ana kisanduku cha dawa inayotakiwa kukaa katika ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8 za sentigredi, basi kituo hicho cha mabasi kwake ni mahali pa kufanya uamuzi. Nyuma yake ameacha takribani kilomita 200 za safari, mbele yake kuna mlima, na jua la Msamvu halimsubiri mtu.

Dawa inayozungumziwa hapa ni oktreotaidi, ambayo kwa jina la kibiashara la awali hujulikana kama Sandostatin. Ni dawa ya sindano inayotumika, pamoja na kazi nyingine, kutibu akromegali, ugonjwa unaotokana na tezi ya pituitari kuzalisha homoni ya ukuaji kupita kiasi. Si dawa inayofahamika kwa wengi, na ugonjwa wenyewe ni nadra. Hata hivyo, anayeandikiwa dawa hii huwa anaanza safari ambayo inaweza kudumu miaka mingi, na makosa madogo ya utunzaji au ya tarehe yanaweza kuifanya dawa ya gharama kubwa isifanye kazi yake.

Tezi ndogo, kazi kubwa

Pituitari ni tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere na uzito wa takribani nusu gramu. Imekaa chini ya ubongo, nyuma ya sehemu ya juu ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa chenye umbo la tandiko la farasi. Kutoka hapo hutuma homoni zinazoongoza tezi nyingine za mwili: tezi ya shingoni, tezi zilizo juu ya figo, ovari na korodani. Miongoni mwa homoni zake ni ile ya ukuaji, ambayo huliamuru ini kutengeneza kemikali nyingine iitwayo IGF-1. Hiyo IGF-1 ndiyo hasa inayokuza mifupa, misuli na viungo vya ndani.

Kwa mtu mwenye afya, mfumo huu una mizani yake. Homoni hutoka kwa vipindi, zaidi usiku wakati wa usingizi, na ubongo huituliza inapotosha. Tatizo huanza pale uvimbe, ambao kwa kawaida si saratani, unapoota ndani ya tezi na kuanza kutoa homoni bila kusikiliza amri hiyo.

Uvimbe huo ukimpata mtoto au kijana ambaye mifupa yake bado inarefuka, matokeo yake ni urefu usio wa kawaida. Robert Wadlow wa Marekani, aliyefariki mwaka 1940 akiwa na umri wa miaka 22, alifikia sentimita 272 na hadi leo anatajwa kuwa mtu mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa. Sultan Kösen wa Uturuki, mwenye sentimita 251, alikuwa na uvimbe wa pituitari, na aliendelea kurefuka hata akiwa mtu mzima hadi alipopata matibabu nchini Marekani.

Ukimpata mtu mzima ambaye mifupa yake imekwisha kufunga, hawezi tena kurefuka. Badala yake hupanuka. Vidole vinanenepa, nyayo zinatanuka, taya la chini linasogea mbele, meno yanaachana, pua na midomo vinakuwa vinene, paji la uso linatokeza, ulimi unajaa mdomoni na sauti inakuwa nzito. Hiyo ndiyo akromegali, jina lililotolewa mwaka 1886 na daktari Mfaransa Pierre Marie, likiwa na maana ya ukubwa wa ncha za mwili.

Ugonjwa unaojificha mbele ya macho

Ugumu wa akromegali ni kwamba haina siku ya kuanza. Mabadiliko huja kidogo kidogo, na wanaomwona mgonjwa kila siku ndio wa mwisho kuyatambua. Tafiti katika nchi mbalimbali zimeonesha kuwa mara nyingi hupita kati ya miaka 5 na 10 tangu dalili za kwanza hadi ugonjwa kugunduliwa. Kwa mkulima wa milima ya Uluguru, mikono iliyonenepa huonekana kuwa mikono ya jembe tu. Kiatu kilichokuwa namba 8 kinapokuwa namba 10, lawama huenda kwa fundi au kwa mtumba. Pete ya ndoa inapokataa kuvuka kifundo, ndugu husema mwenye nayo amenawiri. Sura inapobadilika sana, maneno ya kurogwa nayo hayakosi kusikika, na miaka mingine hupotea kwa waganga.

Katika muda wote huo mgonjwa mara nyingi huwa tayari anatibiwa, ila kwa matokeo ya ugonjwa na si kwa chanzo chake. Homoni ya ukuaji ikizidi huinua sukari kwenye damu, hivyo mtu huyo anaweza kuwa na kadi ya kliniki ya kisukari. Hupandisha shinikizo la damu na kunenepesha misuli ya moyo, hivyo anaweza kuwa na kadi ya pili ya kliniki ya shinikizo. Hubana neva ya kiganja, na vidole vinakuwa na ganzi usiku. Huumiza viungo, huleta jasho jingi, humfanya mtu akorome na kukatikiwa pumzi akiwa usingizini. Uvimbe ukiwa mkubwa huleta maumivu ya kichwa, na kwa kuwa mishipa ya fahamu ya macho hupita juu tu ya pituitari, mgonjwa hupoteza uwezo wa kuona pembeni. Dereva au mwendesha bodaboda wa namna hiyo anaweza asione gari linalotokea ubavuni huku akiamini macho yake ni mazima. Kwa wanawake, hedhi inaweza kuvurugika au kukoma.

Ndiyo maana mchango mkubwa katika ugonjwa huu unaweza kutolewa na mtumishi wa zahanati kabla hata ya daktari bingwa. Njia moja rahisi, ambayo hata madaktari wakubwa huitumia, ni kuomba picha za zamani. Picha ya harusi, ya leseni ya udereva au ya kitambulisho ikiwekwa kando ya sura ya sasa, mabadiliko ambayo familia haikuyaona kwa miaka 8 huonekana kwa dakika moja.

Makadirio ya kimataifa yanaweka idadi ya wanaoishi na akromegali kati ya 3 na 14 kwa kila watu 100,000. Kwa kipimo cha chini kabisa cha uwiano huo, Mkoa wa Morogoro, ambao Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliuhesabu kuwa na zaidi ya watu milioni 3, ungekuwa na wagonjwa wapatao 90. Kwa Tanzania nzima, yenye watu 61,741,120 kwa sensa hiyo, wangekuwa zaidi ya 1,800. Wengi wao, kwa hesabu ya miaka inayopita kabla ya kugunduliwa, hawajui kuwa wanaugua.

Kutoka kipimo hadi kisu

Mgonjwa anapohisiwa kuwa na tatizo hili, kipimo cha kwanza ni cha damu cha kuangalia kiwango cha IGF-1. Kupima homoni ya ukuaji mara moja tu hakusaidii sana, kwa sababu hupanda na kushuka ndani ya siku. Pale matokeo yanapokuwa na utata, mgonjwa hunyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha damu hupimwa kwa vipindi katika muda wa saa mbili. Kwa mtu mwenye afya, sukari hiyo huishusha homoni ya ukuaji. Kwa mwenye akromegali haishuki inavyotakiwa. Baada ya hapo hufuata picha ya MRI ya kichwa ili kuona uvimbe ulipo na ukubwa wake.

Vipimo hivi havifanyiki zahanati. Utaratibu wa rufaa, kutoka zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro na hatimaye hospitali ya Taifa, ndiyo njia ya kufuata. Anayeuruka kwa kwenda moja kwa moja Dar es Salaam bila barua ya rufaa hujiongezea gharama na kurudishwa nyuma.

Tiba ya kwanza kwa wagonjwa wengi ni upasuaji. Uvimbe huondolewa kwa kupitia puani, bila kufungua fuvu, kazi inayofanywa na madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hapa nchini, Taasisi ya Mifupa na Upasuaji wa Ubongo Muhimbili (MOI) ndiyo kitovu cha huduma hiyo. Uvimbe mdogo, usiozidi sentimita moja, huweza kuondolewa wote na ugonjwa ukaisha kwa wagonjwa walio wengi. Uvimbe uliokwisha kuwa mkubwa na kupenya pembeni, kwenye mishipa mikubwa ya damu, haumaliziki kirahisi. Na kwa kuwa wagonjwa hufika wamechelewa, uvimbe mkubwa ndio unaoonekana zaidi. Hapo ndipo sindano inapoingia: kwa aliyefanyiwa upasuaji na homoni ikabaki juu, kwa asiyeweza kufanyiwa upasuaji, na kwa anayesubiri mionzi ifanye kazi, jambo linaloweza kuchukua miaka.

Dawa iliyotokana na bahati

Mwaka 1973, watafiti katika maabara ya Roger Guillemin kwenye Taasisi ya Salk, California, walikuwa wakitafuta kemikali ya ubongo inayochochea homoni ya ukuaji. Walichukua vipande vya ubongo kutoka kwa kondoo kwa maelfu mengi, wakavichuja. Walichopata kilikuwa kinyume na matarajio: kemikali inayoizuia homoni hiyo. Waliiita somatostatini. Guillemin na mwenzake Andrew Schally walishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1977 pamoja na Rosalyn Yalow, kwa kazi zao juu ya homoni.

Somatostatini ya asili, hata hivyo, haikuweza kuwa dawa. Ikiingia kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya dakika mbili au tatu. Mgonjwa angelazimika kufungiwa dripu mchana na usiku. Wanakemia wa kampuni ya Sandoz, mjini Basel nchini Uswisi, waliichukua molekuli hiyo yenye viungo 14 vya asidi amino, wakabakiza sehemu inayofanya kazi na kutengeneza mpya yenye viungo 8 tu, vilivyopangwa kwa namna ambayo vimeng'enya vya mwili havivikati upesi. Hiyo ndiyo oktreotaidi. Hukaa kwenye damu kwa zaidi ya saa moja na nusu kabla ya kupungua kwa nusu, na athari yake kwa homoni ya ukuaji hudumu saa kadhaa. Marekani iliiruhusu kutumika mwaka 1988.

Namna inavyofanya kazi inaweza kufananishwa na kitasa na ufunguo. Juu ya seli za uvimbe kuna vipokeo vya somatostatini. Oktreotaidi hujishika hapo na kuiambia seli iache kutoa homoni. Kwa baadhi ya wagonjwa, uvimbe wenyewe pia hupungua. Seli haifi, imenyamazishwa tu, nayo dawa ikiisha huanza kusema tena. Jambo hili ndilo ambalo wagonjwa wengi hulikosea. Mtu anaona maumivu ya kichwa yametulia, jasho limekauka, pete inapita, anaamua kwamba amepona na kuacha kliniki. Baada ya wiki kadhaa homoni inarudi ilikokuwa.

Aina mbili zisizobadilishana

Oktreotaidi iko katika maumbo mawili, na kuyachanganya ni kosa kubwa. Ya kwanza ni ya muda mfupi, maji yaliyo katika kichupa kidogo cha kioo, inayochomwa chini ya ngozi mara tatu kwa siku, kwa kawaida kuanzia maikrogramu 50 kila mara. Hii ndiyo inayotumika pia hospitalini kwa dharura, kama vile kutapika damu kutokana na mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula, tatizo linalojulikana katika maeneo yenye kichocho cha tumbo. Hivyo mgonjwa akiambiwa kwamba hospitali fulani ina oktreotaidi, aulize ni ipi.

Ya pili ni ya muda mrefu, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1998. Hii ni unga. Dawa imefungwa ndani ya chembechembe ndogo sana za plastiki laini inayoyeyuka mwilini, ya jamii ileile ya nyuzi za kushonea vidonda ambazo hazihitaji kutolewa. Unga huchanganywa na maji yake maalumu na kuchomwa ndani ya msuli wa tako. Chembechembe huyeyuka polepole na kuachia dawa kwa wiki kadhaa. Haichomwi kamwe kwenye mshipa wa damu.

Kwa kuwa chembechembe hizo huchukua takribani wiki mbili kabla ya kuachia dawa ya kutosha, mgonjwa mpya kwa kawaida huanza na ile ya muda mfupi. Wakati huo daktari huangalia kama mwili unaivumilia. Kisha huanza sindano ya miligramu 20 kila baada ya wiki 4, kwa miezi mitatu, ndipo IGF-1 inapopimwa upya na dozi kupandishwa hadi 30 au kushushwa hadi 10.

Kuchanganya unga huo kunahitaji utulivu, na wauguzi waliozoea sindano za kawaida huweza kuharibu dozi nzima kwa haraka. Kifurushi hutolewa kwenye jokofu na kuachwa katika joto la chumba kwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuchanganya. Maji huingizwa taratibu, unga huachwa ulowane wote bila kutikiswa, ndipo huchanganywa na kuchomwa papo hapo. Ukiachwa, chembechembe huzama na kuganda, na sindano huziba. Upande wa tako hubadilishwa: leo kulia, mara ijayo kushoto.

Hesabu ya wiki nne

Sehemu inayowapotosha wagonjwa mara nyingi ni tarehe. Wiki 4 si mwezi. Ni siku 28. Aliyechomwa Jumanne atachomwa tena Jumanne, na kwa mwaka atahitaji sindano 13, si 12. Anayepanga fedha au kuomba kibali cha bima kwa sindano 12 atakosa moja, na kwa kawaida upungufu huo hujitokeza mwishoni mwa mwaka, wakati wa sikukuu, nauli zikiwa juu na mabasi yamejaa. Ni vyema tarehe zote 13 ziandikwe kwenye kalenda ya ukutani siku ya sindano ya kwanza.

Ikitokea siku imepita, kwa mfano mvua za masika zimeharibu barabara ya kuteremka kutoka Nyandira, hakuna sababu ya taharuki. Kuchelewa siku chache hakuleti madhara makubwa, ingawa dalili zinaweza kurudi kwa muda. Mgonjwa achomwe mara tu anapoweza, kisha tarehe zipangwe upya na daktari. Kisichofaa ni kuchomwa mbili kwa pamoja ili kufidia.

Kisanduku Msamvu

Hapa ndipo jiografia ya Morogoro inapokuwa sehemu ya matibabu. Dawa hii hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, mbali na mwanga. Ile ya muda mrefu inaweza kukaa nje ya jokofu siku ya kuchomwa tu, na joto lisizidi nyuzijoto 25. Mchana wa Januari au Februari mjini Morogoro huzidi nyuzijoto 30, na ndani ya buti la basi joto hupanda zaidi ya hapo. Kwa hiyo ruhusa hiyo ya siku moja, iliyoandikwa kwa kufikiria vyumba vya nchi za baridi, haimsaidii sana abiria wa Msamvu.

Kisanduku cha kuhifadhi baridi chenye chupa za barafu hutosha kwa safari ya saa chache, mradi dawa isigusane na barafu. Dawa iliyoganda imeharibika sawa na iliyopata joto, na kwa macho haionekani kuwa imeharibika. Itenganishwe na barafu kwa kitambaa au karatasi nene. Kisanduku kipakatwe au kiwekwe chini ya kiti upande usio na jua. Kisikabidhiwe kwa kondakta wala kuwekwa pamoja na mizigo mingine. Atakayepokelewa Msamvu na ndugu ahakikishe ndugu huyo amefika kabla basi halijaingia.

Swali la msingi zaidi ni kama dawa inapaswa kuendelea na safari kupanda mlima. Katika vijiji ambako umeme hukatika au haujafika kwenye nyumba ya mgonjwa, jokofu la dukani linalohifadhi soda si mahali pa kutunza dozi yenye thamani hiyo, kwa kuwa hufunguliwa mara kwa mara na pengine huzimwa usiku. Njia iliyo salama ni mgonjwa kushuka na dawa kubaki mjini: daktari wa Muhimbili aandike barua kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, dawa ipokelewe na mfamasia na kuhifadhiwa kwenye jokofu linalopimwa joto kila siku, na mgonjwa aje kuchomwa hapo kila Jumanne yake ya nne. Nauli ya kushuka mlima mara 13 kwa mwaka ni mzigo kwa mkulima wa kabichi na karoti, na hilo halipaswi kufichwa. Lakini ni ndogo kuliko nauli ya Dar es Salaam, na ni ndogo mno kuliko dozi moja iliyoharibika njiani.

Dawa hii haipatikani kwenye duka la dawa muhimu, na mtu yeyote anayeiuza mkononi stendi au mtandaoni kwa bei nafuu atiliwe shaka. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ndiyo yenye jukumu la kusajili dawa zinazoingia sokoni na kupokea taarifa za madhara, na fomu ya njano ya taarifa hizo hupatikana katika vituo vya kutolea huduma za afya.

Yanayoweza kutokea baada ya sindano

Siku za kwanza tumbo hulalamika. Kuharisha, gesi, kichefuchefu na choo chenye mafuta ni mambo ya kawaida, na kwa wengi hupungua baada ya sindano chache. Mahali palipochomwa panaweza kuuma siku moja au mbili.

Baada ya muda mrefu, jambo linalohitaji kuangaliwa ni mawe kwenye mfuko wa nyongo, kwa sababu dawa hupunguza kusukumwa kwa nyongo. Wengi wenye mawe hayo hawasikii chochote. Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, hasa yakiambatana na homa au macho kuwa ya manjano, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Wenye kisukari wawe waangalifu zaidi. Dawa inashusha homoni ya ukuaji, na sukari inaweza kuimarika. Lakini pia inazuia insulini ya mwili, na sukari inaweza kupanda. Mwelekeo hautabiriki, hivyo sukari ipimwe mara nyingi zaidi katika miezi ya mwanzo na dozi ya dawa za kisukari irekebishwe na daktari. Mapigo ya moyo yanaweza kupungua, na anayetumia dawa za shinikizo zinazopunguza mapigo amweleze daktari. Tezi ya shingoni na vitamini B12 nazo hupimwa mara kwa mara.

Lipo moja ambalo halitajwi mara nyingi katika vyumba vya daktari. Mwanamke ambaye hedhi yake ilikoma kwa miaka kwa sababu ya ugonjwa, na ambaye amekwisha kuamini hawezi kupata mimba, anaweza kurudishiwa uwezo huo na matibabu. Azungumze mapema na mtaalamu kuhusu uzazi wa mpango, au kuhusu namna ya kupanga ujauzito kwa usalama, kabla mimba haijamshtukiza.

Kinachorudi na kisichorudi

Oktreotaidi hurejesha IGF-1 katika kiwango cha kawaida kwa takribani nusu ya wagonjwa. Wengine hupata nafuu isiyokamilika, na kwao yapo machaguo mengine: vidonge vya kabagolini, ambavyo ni vya bei nafuu na hufaa pale homoni ilipozidi kidogo, lanreotaidi, sindano ya jamii hiyohiyo inayokuja ikiwa tayari imechanganywa, pegivisomanti, sindano ya kila siku inayozuia homoni isifanye kazi mwilini, au mionzi. Marekani iliruhusu vidonge vya oktreotaidi mwaka 2020, ingawa kwa mgonjwa wa Morogoro sindano ndiyo inayomhusu kwa sasa.

Familia huuliza kama sura itarudi. Jibu la kweli lina sehemu mbili. Nyama laini hupungua: uvimbe wa uso na vidole, jasho, kukoroma, ganzi ya viganja, tena kwa baadhi ndani ya wiki chache. Mfupa haurudi. Taya lililosogea na nyayo zilizotanuka hubaki, na viungo vilivyokwisha kuharibika vinaweza kuendelea kuuma. Kinachopatikana kwa uhakika zaidi hakionekani kwenye kioo. Akromegali isiyotibiwa hufupisha maisha kwa takribani miaka 10, hasa kwa magonjwa ya moyo, ilhali mgonjwa ambaye homoni yake imedhibitiwa hukaribia umri wa kuishi wa watu wengine.

Ifahamike pia kwamba oktreotaidi si sindano ya homoni ya ukuaji, ingawa majina huchanganywa. Ile ya homoni ya ukuaji hupewa watoto ambao pituitari yao haitoi homoni ya kutosha. Moja inaongeza, nyingine inazuia. Mtoto mfupi wa kawaida hahitaji yoyote kati ya hizo, na kijana wa mazoezi ya vyuma anayejichoma homoni ya ukuaji ili kujaza misuli anajitengenezea kwa mkono wake ugonjwa ambao wengine wanatibiwa.

Kuhusu gharama, dozi ya mwezi ya dawa ya muda mrefu iko juu ya uwezo wa kaya nyingi. Mgonjwa asianze kabla ya kujua atakavyoendelea, kwa sababu sindano mbili au tatu kisha kukatiza hazimwachii faida ya kudumu. Mwanachama wa bima aulize kwa maandishi, kabla ya sindano ya kwanza, kama dawa imo katika kitita chake na kama inahitaji kibali kila mara. Asiye na bima aonane na ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo hospitalini, ambayo ndiyo hushughulikia maombi ya msamaha, akiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Barua hiyo ni rahisi kuipata Mgeta kabla ya safari kuliko kuirudia baada ya kufika mjini.